Kaunti inaweza kukopa ijenge nyumba na kulipa mishahara?

Swali: Bwana mhasibu, hujambo? Mimi ni mpangaji hapa Manyatta, Kisumu. Kwenye baraza la mtaa, mzee mmoja alipendekeza kaunti ichukue mkopo wa serikali ijenge nyumba za kupangisha, na pesa zitakazobaki zilipe mishahara inayochelewa. Je, sheria inakubali? Kaunti ikishindwa kulipa, mzigo ni wa nani?

Jibu: Sijambo dada. Nyumba, ndiyo. Mishahara, hapana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mikopo ya kaunti igharamie maendeleo, si matumizi ya kawaida. Mishahara ikikwama kwa sababu mgao kutoka Nairobi umechelewa, kaunti inaweza kuchukua mkopo mdogo wa muda mfupi, usiozidi asilimia 5 ya mapato yake yaliyokaguliwa, na iurudishe ndani ya mwaka mmoja. Huo ni wa kuvukia mto tu, haujengi nyumba.

Kuhusu mkopo mkubwa, Kifungu cha 212 cha Katiba kinaweka milango miwili: serikali ya kitaifa iudhamini, na bunge la kaunti liuidhinishe. Kwa hiyo mara nyingi serikali haitoi pesa yenyewe, inasimama mdhamini tu, na mkopeshaji ni benki au wanunuzi wa hati fungani, yaani hati za deni zinazouzwa kwa wawekezaji. Kisha kuna ukomo: deni lote la kaunti lisizidi asilimia 20 ya mapato yaliyokaguliwa.

Lakini swali ambalo ningependa mliulize barazani ni la kodi ya nyumba. Tuchukue mfano wa kubuni. Kaunti yenye mapato ya shilingi bilioni 10 inakopa bilioni 2, yaani hadi ukomo wenyewe, kwa riba ya asilimia 13, ilipe kwa miaka 15. Kila mwaka italipa kama milioni 310. Kila nyumba ikigharimu milioni 2.5 pamoja na barabara, maji na maji taka, zitapatikana nyumba 800. Gawa: kila nyumba lazima iingize zaidi ya shilingi 32,000 kwa mwezi, na hapo hujahesabu ukarabati, mlinzi wala mwezi ambao nyumba haina mtu. Nani Manyatta analipa hiyo? Riba ikishuka hadi asilimia 6, kodi inabaki karibu 21,500. Bado ni juu ya mpangaji mlalahoi. Asiyeweza kulipa hatahamia, watahamia wenye uwezo, au kaunti itajaza pengo kutoka pesa za zahanati na barabara za wadi.

Wanaokumbuka enzi za mabaraza ya miji, yaliyotangulia kaunti, wanajua haya. Kabla ya 2013 mabaraza yalikopa kutoka Shirika la Taifa la Nyumba na mfuko wa mikopo wa serikali za mitaa, na mengi yalishindwa kulipa. Nyumba zilijengwa, kodi zikabaki za chini, wengine wakakaa miaka bila kulipa, na hakuna aliyethubutu kuwatoa. Deni lilirithiwa na waliofuata. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu wa kukusanya kodi kabla ya ramani ya jengo.

Kaunti ikishindwa kulipa, mkopeshaji anamgeukia mdhamini. Serikali ya kitaifa inalipa kutoka hazina kuu, kisha pesa hizo zinageuka deni la kaunti kwa serikali. Mzigo unarudi nyumbani: ni nyinyi mnaolipa ada za soko, leseni na kodi ya ardhi.

Barazani ombeni karatasi tatu: hesabu za mwisho zilizokaguliwa, waraka wa mkakati wa madeni ambao kaunti huwasilisha kwa bunge la kaunti kila mwaka, na hesabu ya kodi kwa kila nyumba kama niliyoifanya hapo juu. Ya tatu ikikosekana, msikubali mkopo, hata jengo likiwa zuri kiasi gani kwenye picha. Mwambieni mwakilishi wenu wa wadi kabla bunge halijapiga kura, kwa sababu idhini ikishapita, kinachobaki kujadiliwa ni tarehe za kulipa tu.