Kuchaji gari la umeme kwa soketi ya gereji, baridi ya Minnesota

Mkuu, umeuliza kama ukihamia huku Minnesota, Marekani, utaweza kulichaji gari la umeme kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, na kazini ni maili 35 kwenda na kurudi. Nimepita majira mawili ya baridi hivyo hivyo. Kiangazi utateleza. Januari utaisoma namba.

Kwanza sahau soketi za Bongo. Kule ni volti 230, huku ya ukutani ni 120, na kwenye laini ya ampea 15 gari linatakiwa livute 12 tu kwa mfululizo. Piga hesabu: wati 1,440. Halafu kuna magari, langu likiwemo, ambayo kwenye soketi hii hujiwekea ampea 8 mpaka uingie kwenye skrini ubadilishe mwenyewe. Nilikaa wiki mbili nikiilaumu baridi bure.

Sasa hiyo baridi. Betri ya lithiamu ikichajiwa ikiwa chini ya sifuri inaharibika ndani kwa ndani, kwa hiyo gari huwasha hita ya betri kwanza, na hita inakula kwenye wati zako zile zile. Usiku mmoja, nyuzi 27 chini ya sifuri, gari lilikuwa limeshinda nje. Nimechomeka saa nne usiku likiwa asilimia 41. Saa nane naamka kuchungulia: 41. Mita ya nyumba inazunguka, betri haijaonja kitu.

Kiangazi, saa 12 za kuchaji zilinipa maili 50 na ushee. Kwenye baridi kali nilipata kama 20, maana hata barabarani uniti moja iliyokuwa ikinipeleka maili 4 inakupeleka 2. Kwa safari yako hilo ni deni la maili 15 kila siku. Ikifika Alhamisi uko kwenye foleni ya chaja ya haraka.

Kilichonisaidia ni kuchomeka dakika ile ile ninayorudi, betri ikiwa bado na joto la safari. Usisubiri umeme wa bei nafuu wa usiku wa manane, betri itakuwa imeshapoa. Na asubuhi tumia joto la siti na la usukani. Hita ya hewa inavuta kuliko soketi inavyoleta.

Soketi yenyewe ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa ya zamani, imelegea. Siku moja nagusa plagi, ya moto kama pasi, na pembeni plastiki imeshakuwa kahawia. Ekstensheni usithubutu. Tena laini hiyo ilikuwa na friza, breka, ile swichi inayokata umeme laini ikizidiwa, ikawa inaruka kila mara. Nyama haikuoza, lakini: gereji ilikuwa na baridi kuliko friza.

Mwishoni nilimwita fundi umeme mwenye leseni, akavuta laini ya volti 240, ampea 20. Gari linavuta 16, yaani wati 3,840. Hita ikishachukua chake, bado kinabaki cha kutosha. Kwa maili 35 hutahitaji zaidi, zile chaja za ampea 48 waachie wenye magari mawili. Kama unapanga nyumba, omba uone gereji na boksi la breka kabla hujasaini mkataba.