Matairi ya Toyota 86: kashata nzito zisikudanganye

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo hapa Nyegezi, nina Toyota 86 GT ya 2013 niliyoagiza Japani, matairi ni 215/45R17. Ya nyuma yameisha kabisa, ya mbele yana hali. Fundi wangu anasema nichukue mawili ya used kutoka Japani, 225/45R17, kwa sababu ni mapana yanashika zaidi, na yana kashata nzito (yale meno ya tairi yanayogusa lami) kuliko haya mapya ya bei rahisi, halafu niyafunge mbele kwenye usukani na ya mbele yarudi nyuma. Mwisho wa mwezi nataka kwenda Musoma. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimsikilize, na ntakueleza kwa nini, manake swali hili linakuja kila wiki hapa gereji, likitoka kwa mwenye Mark X leo, kesho mwenye Altezza, keshokutwa mwenye Subaru, na wote wameambiwa maneno yale yale.

Saizi nimalize haraka. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi. 215/45R17 ndo ya kiwandani kwa GT, kimo chake kama milimita 625, na 225/45R17 inafika kama 634, tofauti haifiki hata asilimia 2, kwenye rimu yako ya upana wa inchi 7 inakaa na spidomita inakosea kidogo tu. Kwa hiyo linafunga. Lakini anaposema tairi pana ndo linashika zaidi, amewaza lami kavu tu. Kwenye maji tairi pana lina kazi kubwa zaidi ya kuyasukuma pembeni, na gari lako ni jepesi, kama kilo 1,200 na kidogo, kwa hiyo linawahi kuelea juu ya maji. Baki na 215. Na kama nyumbani kwako kunapandwa kwa zile njia za mawe, fikiria rimu 16 na 205/55, ni saizi halali ya 86 za daraja la chini, kimo kinabaki karibu pale pale ila ubavu wa tairi unatoka milimita 97 unakuwa 113, yani rimu zako zinapumua ukidumbukia shimo. Ijaribu kwanza rimu moja mbele uhakikishe haigusi kaliper, kile chuma kinachobana breki.

Habari ya kufunga mapya mbele ndo imezoeleka mjini na ni ya hatari, hasa kwa gari linalosukumwa na miguu ya nyuma. Mbele ikiteleza gari linanyooka, unaachia mafuta, usukani unarudi mkononi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Kwa hiyo ukinunua mawili mazuri yanakwenda NYUMA, hata kama usukani uko mbele, hata kama gari lingekuwa linavuta kwa mbele. Na kushoto na kulia yawe ya aina moja na saizi moja, usimpe difu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa miguu miwili, kazi ya kuhangaika na matairi mawili yasiyolingana kimo.

Sasa nije kwenye hizo kashata, maana hapo ndo roho inaniuma. Watu wetu wanapima tairi kwa jicho moja tu, kina cha kashata. Anainama, anaingiza kidole, anasema hili zima. Tairi sio kashata peke yake jamani, tairi ni mpira na nyuzi na nyaya zilizoshikana, na mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo haujagusa lami. Jua linaukausha, joto linaukausha, hewa yenyewe inaukausha. Sasa chukua tairi limekaa miaka Japani, likasafiri kwenye kontena, likafika hapa likapangwa nje barabarani Nyakato juani miezi na miezi, halafu mtu anakuuzia eti lina kashata. Kashata zipo kwa sababu halikutembea!

Nikuonyeshe kitu. Juzijuzi kijana kaleta mawili ya aina hiyo tumfungie. Kwa mbali unasema mapya, meusi yanang'aa, yamepakwa dawa ya kung'arisha. Nikatafuta namba ya tarehe ubavuni, ile ya tarakimu nne mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, nikakuta 3512. Yani wiki ya 35 ya mwaka 2012. Nikaliminya kwa goti ili mfereji wa kati ya kashata ufunguke, na chini ya mfereji, pale ambapo mtu haangalii, mpira umepasuka mistari mistari mfereji mzima, umekauka kama kandambili iliyosahaulika juu ya bati. Tairi hilo ulijaze upepo, ulipeleke spidi 120 kwenye ile barabara iliyonyooka ya kwenda Magu saa nane mchana, halafu kashata zianze kubanduka. Nilikataa kulifunga. Akaenda kwingine akafungiwa, na najua alifungiwa kwa sababu nililiona gari.

Watengenezaji wengi wakubwa wanasema tairi likishafika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama kashata zimejaa. Hiyo ni kauli ya jumla ya dunia nzima. Mimi kwa jua letu la hapa ziwani, gari la spoti, sifungi tairi lenye zaidi ya miaka 6.

Na kwenye hayo ya Japani kuna balaa jingine ambalo wengi hawalijui kabisa. Japani kuna mikoa ya theluji, kama Hokkaido, na watu wa kule wanabadilisha matairi kila msimu, ya kiangazi yanatoka ya theluji yanaingia. Hayo ya theluji yanakuja kwetu mengi tu, mengine yanakuja yamefungwa kwenye magari kabisa. Yana kashata nene, kila kipande kimekatwa mistari myembamba ya zigizaga, ukibonyeza kwa ukucha unaingia. Hapo ndo muuzaji anakwambia ona kashata, ona linavyoshika. Linashika barafu! Mpira ule umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, kwenye lami ya Mwanza unachemka, unakuwa kama unatambaa chini ya gari, ukikata kona gari linachelewa kuitika, na kwenye lami yenye maji ya mvua breki inakwenda mbali kuliko tairi la kawaida. Angalia ubavuni, utakuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye theluji ndani yake. Ukiliona hilo rudisha chini, hata akupe bure.

Pia soma herufi ya mwisho baada ya saizi. 86 yako ya GT ilitoka na 87W. Ile 87 ni uzito, kilo 545 kwa tairi moja, W ni spidi hadi 270. Hayo ya theluji mengi yana Q, spidi 160. Watu wananiambia fundi mimi Mwanza hii nitafika 270 wapi, na mimi nawaambia herufi ile inakwambia tairi linavumilia joto kiasi gani na limesukwa imara kiasi gani. Ukipata V, yani spidi hadi 240, inatosha, zile za rimu 16 za kiwandani zenyewe ni V. Chini ya hapo usishuke. Na hili jipya la bei rahisi lenye tarehe ya mwaka jana, saizi sahihi, 87 na V au W, nakuapia ni bora kuliko la jina kubwa lenye miaka 11.

Kuna wengine ndo wabaya zaidi, hawa wanaochonga. Tairi limekuwa kipara, anachukua kisu cha moto anachora kashata mpya kwenye mpira uliobaki, anapaka rangi, linauzwa. Kuna matairi ya malori yanayoruhusiwa kuchongwa, yameandikwa REGROOVABLE ubavuni na kiwandani yameongezewa mpira kwa kazi hiyo. La gari dogo halina huo mpira. Anachokata ni kinga ya nyaya, mwingine unafungua mfereji unaona nyaya zenyewe zinameta. Ndani ya mifereji ya tairi zima kuna vinundu vidogo vya mpira, kimo cha milimita 1.6, ndo alama ya kuisha. Tairi lililochongwa unakuta mfereji umepita chini kuliko kitako cha kinundu, au kinundu chenyewe kimekatwa. Mwenye kuuza kitu hicho anajua anachofanya, na anayemnunulia mkewe na watoto gari halafu akalifunga hayo hajui, ndo maana napiga kelele.

Kwa hiyo wewe na mwingine yeyote mnaokwenda kununua, nendeni mchana, sio jioni taa zimewaka. Mwambie muuzaji alilaze tairi na aligeuze pande zote mbili, kwa sababu tarehe kamili mara nyingi ipo upande mmoja tu, na yakiwa yamefungwa kwenye rimu upande huo unaweza ukawa umeangalia ndani. Futa ile dawa ya kung'arisha kwa kitambaa, funua mifereji kwa mikono, pitisha kiganja ndani ya tairi utafute viraka na uvimbe. Akianza kusema yeye ana haraka, au namba imefutwa kwa msasa, ondoka, maduka ya matairi kutoka Buzuruga mpaka Igoma hayajaisha. Yako mawili ya mbele yasome tarehe pia kabla hujaamua kununua mawili au manne, manake kama yalikuja na gari kutoka Japani huenda ni wazee kuliko unavyodhani, na Musoma isubiri mpaka ujue.