Ukianza ARV ukavimba shingo, usitupe dawa

Hapa Bukavu nimesindikiza ndugu kadhaa kuanza dawa za sida, na lalamiko ninalolisikia zaidi ni hili: “Mbele ya vidonge nilikuwa na nafuu.” Yaya wangu wa Kadutu alilisema wiki chache baada ya kuanza. Homa ilimpanda, tezi za shingo zikavimba, jirani akamwambia aache vidonge anywe majani. Nilimpeleka kituo cha afya siku ileile.

Karibu kila seli ya mwili huweka nje vipande vya kilichomo ndani yake, vikishikwa na protini ziitwazo HLA, kama mama wa sokoni anavyopanga mali mezani. Kinga hupita ikikagua. Ikiona kipande cha kirusi, seli ile huuawa. VVU ni mjanja: protini yake moja, Nef, huondoa sehemu ya HLA hizo, ukaguzi ukapita bure. Tena humaliza seli za CD4 zinazoongoza kinga nzima. Hapo kifua kikuu kinaweza kujificha karibu kimya, kwa sababu homa na uvimbe kwa sehemu kubwa huletwa na kinga yenyewe ikipigana.

ARV zikizuia kirusi kuzaana, CD4 hurudi na kuanza kutambua vijidudu vilivyokuwa vimeachwa vitambe. Waganga huita hali hiyo IRIS. Huja zaidi katika miezi 3 ya kwanza, hasa kwa aliyeanza akiwa na CD4 chini ya 100 kwa mikrolita moja ya damu. Yaya alipimwa makohozi, kifua kikuu kikaonekana, akapewa dawa zake, na ARV hazikusimamishwa.

Ila usijipime mwenyewe nyumbani, maana mzio wa dawa nao huleta homa. Mwambie muganga tarehe uliyoanza. Wakikupa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, uliza kuhusu dolutegravir, moja ya ARV: rifampisini huipunguza mwilini, hivyo dolutegravir hunywewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kichwa kikiuma vikali, shingo ikikakamaa au pumzi ikikata, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje randevu.

Na wewe ambaye wingi wa virusi hauonekani tena kwenye kipimo, unayetaka kupumzika dawa? Kuna seli zilizolala na kirusi ndani ambazo haziweki kipande chochote cha kirusi mezani. Kinga haizioni, na ARV haziziui. Ukiacha, zikiamka, kirusi hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache tu.