Tumlipe mchoraji laki tatu ili tupate wachangiaji?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mwenzangu tuko Uyole, Mbeya. Tumetengeneza programu ya simu ya mkulima wa viazi kuandika kilo alizouza, ili dalali asimpunje kwa lumbesa. Msimbo, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiendesha, tumeuweka wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana misimbo, kwa leseni huria, anayetaka auchukue na kuuboresha. Mpaka leo tunahangaika nao wawili tu. Rafiki yetu anasema hatuna sura ya kuvutia watu, na kuna mchoraji anataka laki tatu atutengenezee nembo. Rasimu yake naiambatisha. Tumlipe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujatoa hata shilingi, muulize atawakabidhi nini akimaliza. Akijibu kwamba atawatumia picha ya kawaida ya JPEG kwa WhatsApp, achana naye. Hapa Mwanjelwa ninapochapisha mabango na fulana naletewa picha za namna hiyo kila siku. Mtu anataka bango la mita tatu, nikiivuta kidogo tu inageuka vidoti. Daini faili la SVG, mchoro usioharibika hata ukikuzwa, ambalo mtu mwingine anaweza kulifungua kwa Inkscape, nayo ni programu huria, akabadilisha rangi au maandishi. Na muandikishane kwamba mchoro nao una leseni huria.

Usidhani nakuza mambo. Mwaka 2006 Debian, wanaosambaza mfumo huria wa kompyuta, walivutana na Mozilla, wenye kivinjari cha intaneti cha Firefox. Debian hawakuweza kusambaza nembo yake kwa kuwa leseni ya mchoro haikuwa huria, na Mozilla hawakukubali jina litumike bila nembo. Msimbo wenyewe ulikuwa huria, lakini ndani ya Debian kivinjari hicho kiliitwa Iceweasel hadi 2016.

Sasa mtazame pengwini aliye nembo ya Linux, mfumo huria wa kompyuta. Mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alimtaka mnene, aliyeshiba na kuridhika. Larry Ewing akamchora mwaka 1996 kwa GIMP, programu huria ya kuchora, akaruhusu yeyote amtumie na kumbadilisha mradi akiulizwa ataje jina lake na la GIMP. Watu wamemvisha kila aina ya kofia. Asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo alipata pa kutia mkono, na hapo ndipo nembo inapovuta watu.

Ninyi mmewafungulia mlango waandishi wa msimbo peke yao. Pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, Iyunga, mtawapata, sawa. Lakini mji huu una wachora mabango, wapiga picha na walimu wa Kiswahili ambao hamjawaomba chochote. Wekeni rasimu ya nembo hadharani pamoja na msimbo, mseme wazi mnataka irekebishwe.

Na kweli inahitaji kurekebishwa. Gia, tufe la dunia, nyaya na ngao? Hiyo ni nembo ya kampuni ya ulinzi. Chora gunia la lumbesa, lile lililoota tumbo la pili juu ya mdomo, liwe juu ya mizani. Mkulima wa Uyole au Njombe atalijua kabla hajasoma neno. Rangi mbili zinatosha, maana kwenye fulana kila rangi ina skrini yake ya kuchapia na gharama yake. Kisha liangalieni likiwa dogo kama ukucha, kwenye simu ya bei rahisi, juani.

Nimepita pia kwenye ukurasa wenu wa GitHub. Maelezo ni mstari mmoja wa Kiingereza, na picha ya programu hakuna hata moja! Mgeni ataanzia wapi? Wekeni picha ya mkulima akijaza kilo na nyingine ya risiti inayotoka, mueleze kwa Kiswahili namna ya kuiwasha, mbandike lebo kwenye kazi ndogo ndogo zinazomfaa anayeanza. Mtu akituma sahihisho, mjibuni siku hiyohiyo, hata kama ni kumwambia mtaliangalia Jumamosi.

Kuhusu laki tatu, kama mnayo na mchoraji anakubali masharti hayo, mlipeni. Kuchora ni kazi; mimi mwenyewe sichori bure. Akikataa leseni, tafuteni mwingine. Mkifikia kuchapa fulana karibuni Mwanjelwa, ila mje na SVG.