Tumbo likikakamaa, usisubiri vidonge vya taifodi

Ndugu yangu, usingoje Jumatatu. Unauliza mdogo wako abadilishiwe dawa gani na ale nini, ilhali umeeleza mwenyewe kwamba maumivu yalianzia kitovuni yakahamia chini kulia, anatapika, ana homa, na kipimo cha damu cha Widal kimesema ni taifodi. Hizo ni dalili za kidole tumbo (apendiksi) kilichovimba, kwa hiyo mpelekeni leo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Kaka yangu alipewa jibu hilohilo na zahanati ya mtaani, na mpimaji hakumgusa hata tumbo. Mpaka leo nina hasira naye. Widal hutafuta kingamwili, na kwetu, ambako taifodi ni ya kawaida, watu wengi wazima wanazo kutokana na maambukizi ya zamani, kwa hiyo jibu la mara moja halithibitishi ugonjwa. Kuotesha damu maabara ndiko kunakoaminika zaidi. Hata kama ni taifodi kweli, nayo hutoboa utumbo, hasa kuanzia wiki ya pili au ya tatu.

Kilichotugharimu zaidi ni usiku ambao maumivu yalipungua ghafla. Tulimshukuru Mungu, tukampikia uji, tukaamini vidonge vimefanya kazi, kumbe kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha unasambaa. Kesho yake tumbo lilikuwa limekakamaa kama ubao, hakuvumilia hata shuka juu yake, na njiani kwenda hospitali, kila gari lilipopanda tuta alishika tumbo kwa mikono miwili akipiga kelele. Madaktari walimpasua katikati ya tumbo, wakafyonza usaha, wakaosha kwa maji ya chumvi, na baadaye kidonda kikaoza kikafumuka. Dawa za mshipani za kuua bakteria, seftriaksoni na metronidazoli, zilimsaidia sana, lakini hakuna dawa inayoziba tundu la utumbo au kuondoa usaha uliokwisha kutuama tumboni.

Kwa hiyo tumbo la namna hiyo lishikwe kwanza na mkono wa daktari wa upasuaji, ndipo litajiwe taifodi. Ultrasaundi ikitoka safi msirudi nyumbani kama bado anaumia, maana kidole tumbo huweza kufichika.

Asile wala kunywa chochote njiani, na msimpe mafuta ya nyonyo wala dawa yoyote ya kuharisha. Mkifika, mwelezeni daktari maumivu yalianza lini, yalihama vipi, na vidonge gani amekwisha kumeza.