Wasomaji Wauliza: Nani Hasa Anaishi Casuarina?

SWALI: Assalaam aleikum wahariri. Mimi ni mama wa biashara hapa Muyeye, Malindi, nauza mboga na matunda. Nimepata kibanda cha kukodi upande wa Casuarina, na kila mtu aniambia huko ni kwa matajiri wa Kiitaliano, pesa ipo. Nitajuaje wanaoishi huko ni nani na ni wangapi, kabla sijatia akiba yangu?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Usihesabu mageti. Ukihesabu mageti utaona mtaa umejaa, nao nusu ya mwaka nyumba nyingi zimefungwa.

Wakaazi wa huko ni mafungu matatu. Kuna wenye nyumba wa msimu, wengi wao Waitalia, wanaokuja Agosti na tena Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma. Kuna wakaazi wa kudumu: wastaafu wa Kizungu, familia za mchanganyiko, Wakenya wa pwani na wa bara wenye biashara au mishahara mizuri. Halafu kuna wafanyakazi: askari, wapishi, watu wa bustani, mafundi wa mabwawa ya kuogelea. Wengi wa hawa ni Wagiriama na Wamijikenda wengine, na si ajabu kumsikia mpishi akipanga chakula cha mchana kwa Kiitaliano safi. Nyumba hufungwa, lakini askari yupo getini mwaka mzima, na lazima ale.

Hesabu hivi. Chagua vipande viwili vya barabara karibu na kibanda chako, tuseme mageti 40. Pita saa moja hadi saa mbili usiku, siku tatu za wiki moja, Jumamosi ikiwemo. Taa ya geti isikudanganye, huwaka hata nyumba ikiwa tupu. Tafuta taa ya jikoni au ya baraza. Ukuta ukiwa mrefu, muulize askari, "Wenyewe wapo?" Inatosha. Usiulize majina wala siku za safari, utadhaniwa wapeleleza nyumba ya kuiba. Iliyokuwa na watu siku mbili kati ya tatu, iandike ina watu. Rudia kazi hiyo Mei na Agosti. Ukipata nyumba 12 Mei na 29 Agosti, kodi ya kibanda ipigie hesabu kwa zile 12, kwa sababu mwenye kibanda hatakupunguzia masika.

Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, simama pale bodaboda na tuktuk zinaposhusha wafanyakazi, uangalie mikono yao. Mpishi akishuka na kikapu kilichojaa, ujue amenunua sokoni mjini akija kazini, na hapo ndipo biashara yako itakwama. Huyo ndiye mteja wako, si mwenye nyumba. Mpishi hutumwa na pesa na lazima arudishe hesabu, basi mwandikie risiti yenye kila kitu, uzito na bei yake. Muuzaji anayeandika "mboga 800" humtia mpishi mashakani mbele ya bosi wake, na kesho hamwoni.

Weka nyanya, bilingani, vitunguu saumu, malimau, na rihani fungu dogo kila siku. Rihani usiitie kwenye friji, majani hugeuka meusi kwa baridi. Simamisha vikonyo katika kopo la maji, kivulini. Kwa askari na watu wa bustani weka sukuma, mchicha na vitunguu vya bei ya rejareja. Hao ndio watakaokuvusha Aprili hadi Juni.

SWALI: Ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Malindi. Kwa nini Waitalia ni wengi hapa kwetu, na takwimu za mtaa mmoja nitazipata wapi?

JIBU: Mwanangu, anzia Ngomeni, pwani ya kaskazini mwa Malindi. Miaka ya 1960 Waitalia walijenga huko kituo cha San Marco cha kurushia roketi baharini. Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo, San Marco 2, iliondoka Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ya Kimarekani iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Wahandisi na mafundi waliipenda pwani hii, wakawaita wenzao. Hoteli na nyumba za likizo zikafuata.

Takwimu zimo katika ripoti za sensa ya 2019. Juzuu ya II hushuka hadi kata ndogo, lakini kata ndogo huchanganya nyumba zenye mabwawa na vyumba vya kupanga vya wafanyakazi, hivyo wastani wake haumwelezi yeyote kati yao. Sensa pia haiulizi kipato. Huuliza paa, maji, nishati ya kupikia na vyombo vya nyumbani. Na ilihesabu watu pale walipolala usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, msimu wa wageni. Yaandike haya yote kwenye kazi yako, mwalimu ataona umesoma.

SWALI: Mzungu mstaafu ataka kununua shamba langu la Ganda, liwe lake na la wanawe milele. Yawezekana?

JIBU: Hapana, mzee wetu. Ibara ya 65 ya Katiba humruhusu asiye raia kupangishwa ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata mkataba ukiandika "milele", utasomwa kama wa miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa ya raia pale tu wenye hisa wote ni raia, kwa hiyo ujanja wa kusajili kampuni na mwenye hisa mgeni haufai kitu. La shamba la kilimo ni gumu zaidi: Bodi ya Udhibiti wa Ardhi hutakiwa kukataa kulihamisha kwa asiye raia, hata kwa kupangisha. Usipokee arubuni kabla wakili hajakuthibitishia ardhi imeandikishwa kwa matumizi gani, na mkeo awepo siku ya kutia sahihi, maana shamba likiwa mali ya ndoa, idhini yake inahitajika kwa maandishi.