Nani alimlipia kibarua nauli? Swali ambalo cheti hakijibu

Swali: Mimi ni afisa ununuzi wa kampuni inayofungasha parachichi Njombe kwa soko la nje. Mnunuzi wetu wa Uingereza ametutumia dodoso refu kuhusu utumwa mamboleo na anataka majibu kabla ya msimu kuanza. Wafanyakazi wetu wote wa kiwandani wana mikataba. Wachumaji huletwa na wakala. Mshauri mmoja ametuahidi sera, mafunzo na cheti ndani ya wiki mbili. Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi, na ningekushauri usimpe mshauri huyo hata malipo ya awali. Hakuna cheti cha serikali ya Uingereza kinachothibitisha kwamba kampuni haina utumwa mamboleo. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2015, katika kifungu cha 54, inaitaka kampuni inayofanya biashara huko na yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka itoe kila mwaka taarifa ya hatua ilizochukua, taarifa iliyoidhinishwa na bodi na kusainiwa na mkurugenzi. Wajibu huo ni wa mnunuzi wako. Wewe anakuomba habari za kweli za kuweka katika taarifa hiyo, na habari hizo mshauri hana. Anazo wakala wako.

Maswali ya namna hii napokea kila msimu, na karibu yote yana maneno kama yako: wa kiwandani wana mikataba, wachumaji huletwa na wakala. Maneno hayo huandikwa kama jambo la kupita, ilhali kiini cha swali kimo humo. Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni kwamba utumwa ni pingu na kufuli, na kwa hiyo mtu aliyesaini mkataba na anayelala bila kufungiwa hawezi kuwa katika kazi ya shuruti. Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, hautaji pingu. Unauliza kama mtu anafanya kazi chini ya tishio la adhabu yoyote, na kama aliikubali kazi hiyo kwa hiari yake. Deni lisilokwisha, ujira unaoshikiliwa hadi mwisho wa msimu, na kitambulisho kinachotunzwa na mnyapara vimo vyote katika viashiria 11 ambavyo shirika hilo limeviorodhesha. Kiashiria kimoja peke yake si hukumu, lakini vikikutana vitatu kwa mchumaji mmoja, hali hiyo haiwezi tena kuitwa utaratibu wa kawaida wa vibarua.

Nitoe mfano. Katika shamba moja nililolikagua, mafaili ya ofisini yalikuwa safi: mikataba, nakala za vitambulisho, orodha za malipo zenye saini. Mchana nilikwenda jikoni, na mama anayewapikia wachumaji akanionyesha daftari la mnyapara, kaunta buku yenye jalada jeusi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijaza humo hesabu ya unga. Kila jina lilikuwa na ukurasa wake. Juu iliandikwa nauli kutoka Kigoma, kisha godoro, unga, sabuni, panga, dawa ya malaria. Kijana mmoja alikuwa amefanya kazi wiki 9 na bado alidaiwa shilingi 41,000. Orodha ya ofisini ilionyesha kwamba ujira wake umelipwa wote, na ni kweli kampuni ilikuwa imelipa, ila fedha zile zilipokelewa na wakala.

Cheti kingeandikwa kwa kusoma mafaili yale. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi kilipewa cheti cha SA8000, kiwango cha kimataifa cha haki na usalama wa wafanyakazi, wiki chache tu kabla ya moto wa Septemba 2012 uliowaua watu zaidi ya 250, wengi wao wakiwa wamekwama nyuma ya madirisha yenye nondo. Kiwango hicho kinahusu usalama na kinakataza pia kazi ya shuruti, na mkaguzi alikuwa amekwisha kutia saini.

Linganisha na Top Glove, kampuni ya Malaysia inayotengeneza glavu za mpira. Julai 2020 forodha ya Marekani ilizuia glavu za kampuni zake tanzu mbili. Wafanyakazi wengi wa kigeni walikuwa wamewalipa mawakala ili wapate kazi, na deni hilo ndilo lililowafunga. Zuio liliondolewa Septemba 2021, baada ya kampuni kuwalipa wafanyakazi fidia ya zaidi ya dola milioni 30. Hizo ni fedha zilizorudi mifukoni mwa waliodhulumiwa, na hakuna warsha ya siku mbili ambayo ingefanya kazi hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kujibu dodoso, mwite wakala aje na daftari. Uliza nani alilipa nauli, nani anauza unga kambini na kwa bei gani, na vitambulisho viko wapi. Ujira upelekwe moja kwa moja kwenye simu ya mchumaji, kwa jina lake mwenyewe. Zungumza na wachumaji siku ya mapumziko, mbali na mnyapara, na kama wanazungumza Kiha au Kirundi, mtafute mkalimani asiye mtu wa wakala. Ukikuta madeni, usikimbilie kuvunja mkataba na wakala siku hiyo hiyo, kwa maana ataondoka na ujira wa watu. Madeni yafutwe na makato yarudishwe kwanza. Kisha mwandikie mnunuzi ulichokikuta, pamoja na lile ambalo wanunuzi hawapendi kuandikiwa: kwamba oda ikiongezwa Alhamisi ili kontena lipakiwe Jumamosi, mchumaji ndiye anayefanya kazi usiku.

Neno la mwisho ni kwa wenye kampuni wote, si kwa Njombe peke yake. Sehemu kubwa ya kile kinachouzwa kwa jina la mafunzo ni kuwakaririsha vibarua majibu ya kumpa mkaguzi: nalipwa kila wiki, nakaa na kitambulisho changu, sidaiwi. Nimeyasikia majibu hayo, neno kwa neno, kutoka kwa watu 14 waliohojiwa mmoja mmoja. Mkiletewa mshauri mwenye karatasi ya namna hiyo, mkataeni. Kama amekwisha kupita, waiteni wachumaji kabla ya siku ya ukaguzi, muwaambie wazi kwamba hakuna atakayeachishwa kazi kwa alichokisema, na muwape maneno hayo kwa maandishi yenye saini ya mkurugenzi.